Miezi Minne Niliyokuwa Mtoto wa Mfalme

Siku yaya yangu aliponiomba nikubali kuwa mtoto wa mfalme, nilipaswa kukataa. Muda wa kukataa ulikuwepo. Tulikuwa tumekaa jikoni kwangu, huku Jette, mtaa mmoja wa Brussels, maharagwe yako motoni, na maharagwe yale yalikuwa bado magumu kama kokoto. Ningeweza kufikiri mpaka yaive. Badala yake nilimwuliza:

"Mfalme gani?"

"Ile tutaona kisha," alisema. "Kwanza itika."

Nikaitika.

Kwetu Lubumbashi yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Huyu wangu alikuwa mtoto wa baba mkubwa, amenizidi miaka minne, na tangu utotoni alikuwa akinizidi kwa miaka hiyo minne katika kila mazungumzo. Yeye ndiye aliyetangulia kufika Ubelgiji. Alikaa Koekelberg, na kwa kuwa aliweza kuona kuba la basilika kupitia dirisha la choo chake, alilizungumzia kama mtu anayezungumzia shamba alilorithi. Alikuwa fundi wa magari aliyestaafu, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kusema kwa niaba ya wengine. Wakongo wengi wa Brussels, wakitaka kuozesha mtoto, walimtafuta awe msemaji wa familia siku ya kupokea mahari. Alikuwa na kofia kumi na moja, na kila kofia ilikuwa na maoni yake.

Safari hii aliyekuwa anaolewa alikuwa binti yangu. Ni mtoto wangu wa pekee. Alikuwa amemaliza masomo ya famasia, amepanga chumba kidogo Ixelles, na alikuwa amempata Mjerumani. Kijana huyo nilimfahamu kabla yake, maana tulifanya kazi hospitali moja. Mimi nilikuwa nasukuma vitanda vya wagonjwa, yeye alikuwa anawafundisha waliovunjika miguu kutembea tena. Binti yangu alizoea kusema: "Papa analaza bantu, yeye anabasimamisha."

Kwangu aliomba kitu kimoja tu. Hakutaka sherehe kubwa, hakutaka ukumbi wenye viti vya kuvalishwa vitambaa. Alitaka nimtoe mimi mwenyewe, kwa desturi yetu, mbele ya watu, niseme yeye ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani. Hilo la mjukuu lilikuwa na uzito. Mimi na mke wangu tulipokuja Ulaya kutafuta karatasi za ukaazi tulimwacha na baba yangu, akalelewa naye tangu miaka miwili mpaka tisa. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia, ili treni inayokwenda isikutane na inayorudi. Alimfundisha mtoto kusoma kwa kutumia ratiba ya treni ambazo wakati huo nyingi zilikuwa zimeacha kuja. Alikufa kabla hajamwona mjukuu wake akivaa hata sare ya sekondari.

Sasa, huo ufalme ulitoka wapi? Ulitoka kwenye picha. Jumapili moja kijana alikuja kwetu kula, akatuonyesha kwenye simu picha ya wazazi wake. Wamesimama mbele ya ngome. Siyo nyumba kubwa. Ngome, yenye minara minne na daraja juu ya maji. Baba yake ameshika ufunguo wenye urefu wa mwiko wa bukari, ugali wa kwetu.

"Baba yangu anafanya kazi pale," kijana alisema.

Yaya aliomba simu, akavaa miwani, akaitazama picha muda ambao sisi wengine tulimaliza samaki. Kijana alipoondoka, alivua miwani.

"Huyu ni mutoto ya prince."

"Amesema baba yake anafanya kazi pale."

"Bon. Na mimi ninafanyaka kazi kwangu, ninaosha vyombo. Nakuuliza: nani anashikaka ufunguo ya nyumba?"

"Mwenye nyumba."

"Voilà."

Kuanzia siku hiyo kila alama ya umaskini wa kijana ikawa ushahidi wa ukoo wake mkubwa. Sweta lake lilikuwa na viraka kwenye viwiko: watu wa damu ya juu, yaya alisema, hawana mtu wa kumringia. Gari lake lilikuwa na mlango mmoja wa rangi tofauti: ni gari la urithi. Jioni alikula mkate na tango, basi: tango ndilo chakula cha ngome.

"Angalia wewe," yaya aliniambia. "Unavaa costume na cravate unaenda kusukuma vitanda. Kati yenu wawili, nani anaonekana masikini wa kweli?"

Binti yangu aliniambia ukweli mara mbili. Mara ya kwanza kwa simu: "Papa, baba yake anatengenezaka paa na mabomba ya ile château. Njo kazi yake." Mara ya pili ana kwa ana, taratibu, kama anavyowaeleza wazee jinsi ya kumeza dawa. Nilimsikia mara zote mbili. Kwa hiyo nisije nikasema hapa kwamba nilidanganywa. Nilijua. Lakini ile picha ya minara minne ilikuwa imeingia kichwani mwangu, na ningali nakumbuka utamu wake.

Yaya akanipa kazi. "Wewe ulimaliza sekondari, mimi nilimaliza moteri. Donc wewe utaenda ku bibliothèque. Utafute bale banamuke baliolewa na ba prince ba Ujerumani. Baba zao baliomba nini? Tusiende kuomba kidogo, watu batuchekelee."

Nikaenda. Kila Jumamosi asubuhi nilipanda basi mpaka Ixelles, nikaingia maktaba, nikaomba kitabu kimoja cha Kifaransa chenye picha, kizito kama betri ya lori. Mama wa maktaba alinizoea hata akawa ananiwekea kitabu mezani kabla sijavua koti. Nadhani aliniona msomi. Ndani mlikuwa na wanawake wa ukoo bora, mabinti wa makabaila wa kila upande, walioolewa na watawala wa zile nchi ndogo ndogo za Ujerumani ya zamani. Nchi zenyewe zilikuwa nyingi na finyu. Nyingine ungeweza kuivuka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, na mfalme wake akipiga chafya, mfalme wa jirani anafunga dirisha.

Nilianza kuwasoma kwa ajili ya binti yangu, nikaishia kuwapenda kama shangazi zangu. Walikuwa na mambo ya kwetu. Mmoja aliozwa bwana harusi akiwa mbali. Mtu mwingine alisimama badala yake kanisani, kisha, ili ndoa ikamilike, mtu huyo alivua kiatu kimoja, akaingiza mguu mmoja kitandani mwa bibi harusi mbele ya mashahidi, akautoa, akavaa kiatu, akaenda kula. Nilicheka peke yangu mpaka mama wa maktaba akageuka. Yaya mwenyewe alioa hivyo hivyo. Alikuwa tayari Brussels, mke yuko Lubumbashi. Waliweka picha yake kwenye kiti, mdogo wake akakaa pembeni kumwakilisha. Tofauti ni kwamba mdogo wake alibaki na viatu.

Nao wale mabinti wa makabaila walikuwa wakitumiwa picha ya mume iliyochorwa na fundi mwenye huruma. Binti anafika baada ya wiki tatu za barabara, anamkuta bwana ana mashavu mengine kabisa. Picha ya yaya iliyokaa kwenye kile kiti ilipigwa akiwa ameegemea gari la daktari wa Kibelgiji. Mke wake alifika, akauliza gari liko wapi, na anauliza mpaka leo.

Lakini nilipata na mambo ya kutisha. La kwanza, kule baba wa binti ndiye aliyetoa mali, siyo bwana harusi. Ukurasa ule niliufunga haraka na sikumwambia mtu. La pili lilikuwa baya zaidi. Mtawala alipaswa kuoa mtu wa damu iliyolingana na yake, na mara nyingine familia ilitaka kuthibitishiwa wazee kumi na sita wa ukoo wa binti, wa baba na wa mama, wote wenye ngao ya ukoo bora. Akimpenda aliye chini yake aliweza kumwoa, ila kwa mkono wa kushoto: padri anafungisha, bwana anatoa mkono wa kushoto badala ya wa kulia. Mke wa namna hiyo hapati cheo cha mume. Mezani anakaa chini ya wadogo wa mume wake, na watoto wake hawarithi hata kijiko.

Nilibeba habari hiyo kwa yaya kama mtu aliyebeba maji ya moto. Hapo ndipo tunapofika kwenye yale maharagwe.

"Mukono ya kushoto," alisema. Kwetu hata chumvi humpi mtu kwa mkono wa kushoto. "Bajukuu betu bakose château juu ya mukono?"

"Kitabu ndivyo kinavyosema."

"Dawa yake ni nini?"

"Binti awe wa damu inayolingana."

Ndipo akaniomba niwe mtoto wa mfalme. Nilipouliza mfalme gani, na baada ya mimi kuitika, alinieleza kwamba katika kijiji cha babu yetu palikuwa na chifu, na babu yetu ndiye aliyekuwa akimbebea kiti. "Mwenye kubeba kiti na mwenye kukaa juu ya kiti," yaya alisema, "banafika pamoja." Maharagwe yakaungua.

Ikafuata miezi minne ya ufalme wangu. Nilinunua kitambaa chenye madoa ya chui katika duka moja Ixelles, na fimbo yenye kichwa cha ndege. Nilijifunza kutembea polepole. Hospitalini, nikisukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji, niliwasimulia wagonjwa habari za wale mabinti wa makabaila; mzee mmoja wa Kiflemi aliomba tuzunguke korido mara ya pili, kwa sababu tulikuwa hatujamaliza habari ya mjane aliyetawala badala ya mtoto wake mchanga. Nyumbani nilikaa kichwani mwa meza, nikagundua kwamba meza yetu ni ya mviringo.

Mke wangu alinitazama miezi yote minne bila kupandisha sauti. Siku moja nilimweleza kwamba mke wa mtawala alikuwa na mwanamke maalumu wa kubeba mkia wa nguo yake.

"Muzee," alisema, "bale banamuke benye unasoma, beko banakufulia kaptula?"

"Hapana."

"Donc bakutafutie na ya kesho."

Kisha tukaandika orodha ya mahari, ile tunayoiita facture. Yaya alitamka, mimi niliandika. Suti ya baba, pagne za kitenge za mama, blanketi la shangazi, panga, mfuko wa chumvi, taa ya mafuta, mbuzi wawili. Hayo ni ya siku zote. Halafu tukaongeza ya kitabuni: nyumba ya kukaa binti akiwa mjane, yenye bustani, ahadi kwamba ndoa itafungwa kwa mkono wa kulia, na majina ya wazee kumi na sita wa bwana harusi, yasomwe mbele ya watu.

Binti yangu aliisoma amesimama, koti lake bado mwilini.

"Papa, nyumba ya mujane? Hatujaoana, umeishamuua?"

"Ni desturi."

"Ya nani?"

Nikamwambia akamwulize yaya wangu. Alikunja karatasi. Akasema: "Bon. Nitabapelekea vyote. Lakini siku ile, papa, unitaje vizuri. Utaje na babu." Nikamwahidi.

Sherehe ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, katika ukumbi wa parokia, siyo mbali na kwangu. Wageni wetu walikuwa kama arobaini. Sasa nieleze kosa la kwanza, ambalo lilikuwa letu sote. Kila Mkongo wa Brussels anajua kwamba mbuzi wa facture ni bahasha. Unaandika "mbuzi" juu yake, unatia kilichomo, unampa msemaji, msemaji anasema "mbuzi wamefika", watu wanapiga vigelegele. Wajerumani hakuna aliyewaambia.

Walifika na gari lile la mlango wa rangi tofauti, likivuta trela, na ndani ya trela mlikuwa na mbuzi wawili. Weupe, wameoshwa, kila mmoja na utepe mwekundu shingoni. Walikuwa wamesafiri nao tangu asubuhi na walisimama mara mbili njiani kuwanywesha maji. Baba wa kijana, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, aliwashusha mmoja mmoja kama anavyoshushwa mgonjwa, akawaingiza ukumbini, akasimama katikati akiwa ameshika kamba mbili, anatabasamu.

Mashangazi waliacha vigelegele katikati. Mbuzi mmoja akaanza na maua ya mezani.

"Bon," alisema yaya, ambaye hakuwahi kukosa neno. "Mbuzi wamefika."

Vingine vyote pia vilifika. Walikuwa wameisoma facture kama watu wanavyosoma karatasi ya hospitali. Suti ilinitosha. Chumvi ilikuwa mifuko mitatu. Hata kuhusu nyumba ya ujane, mama wa kijana alikuwa ameleta mchoro wa chumba cha juu nyumbani kwao, wenye dirisha linalotazama bustani, akaeleza kwa Kifaransa cha kubabaisha kwamba chumba kipo, na hakuna haja ya kusubiri mtu afe. Watu walicheka, naye alicheka. Naona haya leo ninapokumbuka jinsi walivyotufurahia.

Yaya akabadilisha kofia, akasimama, akaomba wazee kumi na sita.

Baba wa kijana alitoa karatasi. Alisema kwa Kijerumani, mwanawe akageuza kwa Kifaransa. Alifika kumi na wanne, akaomba radhi kwa wawili waliopotea. Kisha akaeleza kazi zao, maana hakujua kwamba tunasubiri ngao. Yeye anatunza paa na mabomba ya ngome. Baba yake alitunza majiko yake ya kupashia moto. Babu yake alitunza farasi. Bibi yake mmoja alifua mashuka ya wenyewe kwa miaka thelathini.

Yaya aliniinamia. "Banajificha," alininong'oneza. "Simama wewe. Ukisema yako, atasema yake."

Nikasimama. Kitambaa cha chui begani, fimbo mkononi, mbuzi anavuta kona ya kitambaa na mimi nakivuta kwa heshima. Nikasema kwamba binti anayetolewa leo siyo mtoto wa hivi hivi. Nikataja chifu wa kijiji cha babu kama babu yangu mwenyewe. Nikataja kiti chake, lakini sikutaja aliyekibeba. Nikasema baba yangu aliketi juu ya kiti hicho na kuamua kesi za watu. Nilipendeza, nasikia. Mashangazi walioijua familia yetu walitazama sakafu. Wasioijua walipiga makofi.

Baba wa kijana alisikiliza tafsiri hadi mwisho. Uso wake ukabadilika, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyeingia mlango usio wake. Akasema maneno machache, mwanawe akasita kabla ya kuyageuza.

"Baba anasema anaomba msamaha. Yeye alifahamu kwamba babu wa mchumba wangu alifanya kazi kwenye reli. Kwa hiyo, pale mlipoandika taa, hakununua taa."

Mzee aliinama kwenye mfuko wake, akatoa taa ya reli. Ya zamani, ya kushika mkononi, ile wanayoashiria nayo treni, ina kioo chekundu upande mmoja na cha kijani upande wa pili. Aliipata imepata kutu, akaifanyia kazi mwenyewe wiki nyingi, akaweka utambi mpya. Alikuwa ameiwasha kabla ya kuninyooshea. Kwa mkono wa kulia. Baadaye niliambiwa kwamba mtu huyo hutumia mkono wa kushoto, na alikuwa amejizoeza.

Baba yangu alikuwa na taa kama hiyo. Binti yangu alikuwa amewaelezea.

Neno moja lingetosha. Ningesema: ndiyo, ni ya baba yangu. Watu wangecheka ule uchifu wangu, wangecheka sana, wangenicheka Brussels nzima mpaka Liège, na mwezi uliofuata wangepata mwingine wa kucheka. Niliiona midomo ya mke wangu ikiniambia neno lenyewe. Nikamtazama yaya. Nikatazama ile mikono mikubwa iliyoshika taa.

"Hii ni taa ya mfanyakazi," nilisema. "Kwetu hatuifahamu."

Kijana hakugeuza maneno hayo kwa Kijerumani. Haikuhitajika, maana baba yake alikuwa ananitazama usoni. Aliizima taa, akairudisha mfukoni polepole, akijitahidi isigonge meza.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya mashangazi, amefunikwa pagne kichwani kama desturi inavyotaka mpaka atolewe. Alijifunua mwenyewe. Alivuka ukumbi, akapita mbele yangu, akamshika mama wa kijana mkono, wakatoka wote wanne. Hakupiga kelele, hakulia. Mlangoni tu aligeuka, akasema kwa Kiswahili cha babu yake, kile cha polepole:

"Babu alinilea miaka saba. Wewe umemufuta kwa dakika tano."

Tulisikia gari likiondoka, trela tupu likigonga gonga nyuma yake.

Mbuzi walibaki. Hakuna aliyekuwa na pa kuwapeleka, basi walilala siku nne katika gereji ya yaya huko Koekelberg, wakala mkeka na kofia mbili, mpaka mkulima mmoja wa nje ya mji akaja kuwachukua. Parokia ilituandikia barua kuhusu maua. Watu walicheka kweli, kama nilivyoogopa, na walicheka kwa muda mfupi kuliko nilivyoogopa.

Nilipewa nafasi nyingine. Wiki iliyofuata binti yangu alipiga simu. "Papa, kitu kimoja tu. Pigia baba yake, umwambie babu alikuwa nani. Hata dakika mbili. Kisha tutarudi kuanza upya." Nikasema nitafikiri. Nilimwuliza yaya, naye akasema mfalme hapigi simu, anapigiwa. Nikakaa nasubiri kupigiwa. Simlaumu. Yeye aliomba tu; mimi ndiye niliyeitika, mara ya kwanza na mara ya pili.

Walifunga ndoa majira ya kiangazi katika mji mdogo chini ya ile ngome, kwa meya, watu kumi na wawili. Mke wangu alikwenda kwa treni. Mimi nilibaki Jette, nikawaambia watu wa parokia kwamba nina mafua. Aliporudi nilimwuliza nani aliyemtoa binti yetu.

"Alijitoa mwenyewe," alisema. "Alitaja babu yake, na kazi yake, na stesheni yake. Kisha tukakula tango."

Miaka mitatu baadaye nilimpigia yule mzee. Nilimwambia ukweli wote kwa Kifaransa rahisi, baba yangu na reli na taa. Alinisamehe upesi, kama unavyomsamehe mtu aliyekukanyaga kwenye tramu. Nikampigia na binti yangu. Akasema, "Ni sawa, papa," kwa ile sauti anayowasemesha nayo wagonjwa kwenye duka la dawa, na tangu siku hiyo ananipa sauti hiyo hiyo.

Ana watoto wawili. Krismasi mke wangu huenda huko wiki mbili, na mimi hubaki na funguo za nyumba. Watoto wakipokea simu ninayopiga huniita monsieur, yaani bwana, maana hakuna aliyewafundisha neno lingine, na mimi sijapata ujasiri wa kuwaomba. Sikumtoa binti yangu. Sikuwepo alipoolewa, sikuwepo alipozaa, na tangu siku ile ya ukumbini hajakanyaga tena nyumbani kwangu. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, na kuitika kule kulinigharimu yeye.